Kasia la Mwasiti

Kasia likiwa juu, mtumbwi bado waenda. Ndivyo alivyosema jirani mmoja asubuhi ile, alipokatiza uani kwa Bibi Mwavita, kule Ujiji, akawakuta wajukuu wakitwanga machikichi ya mawese. Msichana aitwaye Kudra alikuwa ameuweka mchi chini ili anyooshe mgongo, na kaka zake wakawa wanamcheka kwamba ni mvivu. Jirani akawatupia maneno hayo, akaenda zake.

"Bibi, mtumbwi umeingiaje kwenye kinu?" wakauliza wajukuu.

"Haukuingia kwenye kinu. Uliingia kwenye nyumba ya mtu," akajibu Bibi Mwavita, huku akiendelea kuchambua chikichi bovu kutoka kwenye zima. "Kaeni. Methali hii ina mama aliyeizaa, na mama huyo aliitwa Mwasiti."

Basi akawasimulia.

Mwasiti binti Kalunga alikuwa mke wa Songoro, mkwezi wa michikichi. Hapakuwa na mchikichi uliomshinda Songoro. Alikuwa akijifunga kamba yake kiunoni, akapanda kama anayepanda ngazi ya nyumba yake, na mikungu ikawa inadondoka chini kwa kishindo. Lakini msimu mmoja wa mvua shina liliota utelezi, kamba ikakatika, akaanguka yeye badala ya mkungu. Hospitali walimtibu mpaka wakafika mwisho wa ujuzi wao, kisha wakamrudisha nyumbani. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa Songoro yule yule. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakukuwa na habari.

Miaka sita ikapita. Binti yao mmoja, Riziki, alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo nyumba ilibaki na watu wawili, na kati ya hao wawili mwenye miguu alikuwa mmoja. Mwasiti alichota maji, akamwogesha mumewe, akamgeuza ubavu asipate vidonda, akapika, akamlisha siku za mwanzo, mkono wake mmoja ulipokuwa bado na ganzi ya kuanguka, akatwanga machikichi ya watu, akarudi kumgeuza. Usiku alimgeuza tena. Songoro hakuwa mtu wa matusi, ila kitanda kilikuwa kimemchachusha. Ugali ukiwa wa moto lilikuwa kosa, ukipoa lilikuwa kosa jingine. Na kila alipotaka kitu aliita.

"Mama Riziki!"

"Abee."

Ikafika mahali Mwasiti akaitika hata pasipoitwa. Mlango ukilia, abee. Mbuzi wa jirani akilia, abee. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa umeingia ndani ya nyumba kama mgeni aliyekuja na mkeka wake mwenyewe, na Mwasiti hakuwa na nguvu ya kumuuliza ataondoka lini.

Siku moja ikapigwa hodi. Alikuwa Havijawa, mwanamke wa mtaa wa pili, aliyepooza mguu mmoja tangu utotoni na kutembea kwa gongo. Havijawa alikuwa ameanzisha chama cha kuvuta makasia pale ziwani. Mjini walikuwa wakikicheka, kwa sababu kilimpokea kila mtu: wanawake na wanaume, wazee, viziwi, wenye viungo pungufu, na wazima pia waliopenda kuja. Chama kiliitwa Tuvute Wote. Wenye midomo walikiita mtumbwi wa majeruhi.

"Songoro," Havijawa akasema baada ya salamu, "mikono yako bado ipo?"

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kukuuliza. Ninahitaji mikono ya mkwezi."

"Mimi kiuno sina."

"Mzee Chubwa macho hana, na ndiye anayetupigia mapigo. Mimi mguu sina, na ndimi ninayeshika usukani. Chamani kwetu hatumuulizi mtu amepungukiwa nini. Tunamuuliza atakaa upande gani."

Songoro akatazama dari, akasema, "Nitakuja, akija Mama Riziki."

Mwasiti alikuwa mlangoni akisugua sufuria, na maneno yale yalimwangukia kama gunia jingine juu ya magunia. Nani angelisukuma lile gari lake la magurudumu mchangani? Nani angemwosha matope akirudi? Sasa tena na yeye akavute makasia? Lakini kwa miaka sita hakuwahi kumsikia mumewe akisema "nitakuja". Akasema, "Haya."

Fundi wa chama akamtengenezea Songoro kiti chenye mgongo, na mikanda ya mpira wa tairi ya kumshika kifuani. Katika mtumbwi ule wavutaji wote walikaa wakimwelekea Havijawa kule nyuma kwenye usukani, na miguuni pa Havijawa alikaa Mzee Chubwa na debe lake. Songoro aliwekwa karibu na omo, ile ncha ya mbele, na Mwasiti akawekwa mbele ya macho yake, hivi kwamba kila alipoinua uso aliona mgongo wa mkewe. Mzee Chubwa akapiga debe, makasia yakaingia majini.

Songoro alijifunza upesi, maana mikono yake ilikuwa na kiu. Aliyeshindwa ni Mwasiti. Si kwamba alikuwa mlegevu, alivuta kuliko wote. Lakini wenzake walipomaliza kuvuta na kuyainua makasia yao, lake lilikuwa bado majini likisukuma, na mtumbwi ukawa unapinda.

Mzee Chubwa akanyamazisha debe. "Kuna kasia moja haliinuki," akasema. "Linalima ziwa."

"Ni langu, mzee," Mwasiti akasema kwa aibu.

"Kwa nini huliinui, binti yangu?"

"Nikiliinua, nani atavuta?"

Baadhi wakacheka. Mzee Chubwa hakucheka. "Kuvuta ni kazi, na kuinua ni kazi," akamwambia. "Asiyeinua anauzuia mtumbwi. Sikiliza maji chini ya mbao. Umesikia? Hakuna anayevuta sasa hivi, na bado tunakwenda. Kasia likiwa juu, mtumbwi bado waenda."

Mwasiti akasikia kwa masikio. Moyoni hayakuingia. Nyumbani kwake kila kitu alichokiachia kilisimama: moto ulizimika, mtungi ulikauka, mgonjwa alilala ubavu mmoja mpaka ngozi ikawa nyekundu. Mzee kipofu angemwambia nini kuhusu kuachia? Mazoezi yalipokwisha alimpakia mumewe kwenye gari lake, akalisukuma mpaka nyumbani, akamwogesha, akapika. Songoro alikuwa na furaha siku hiyo, akawa anaongea. Mwasiti hakuwa na nguvu hata ya kufurahi naye.

Chama kikaendelea hivyo, mazoezi juu ya mazoezi, na Mwasiti akizidi kukonda. Ndipo ukaja ujumbe kutoka Kabumbe, kijiji kilicho ng'ambo ya ghuba. Watu wa kule walitaka kuanzisha chama kama kile, wakawaomba wenzao waje na mtumbwi wao wawaonyeshe. Wote wakashangilia. Mwasiti naye alitabasamu, lakini alikuwa akiwaza jambo lake. Kabumbe ndiko malori ya chumvi kutoka Uvinza yalikoshusha mzigo kwa wakaushaji wa samaki aina ya migebuka, kisha yakarudi matupu. Na Uvinza ndiko alikoolewa dada yake, Mwamini.

Hakumwambia mtu. Asubuhi ya safari, alipokuwa akipanga mihogo ya kuchemsha kapuni, alilaza kwanza kanga mbili na gauni chini kabisa, kisha akavifunika kwa jani la mgomba, na mihogo juu. Alikuwa amechoka hata kuogopa. Alijiambia kwamba Songoro yuko na watu, watamrudisha, na Mungu atamwona. Akalifunga kapu.

Waliondoka ziwa likiwa shwari. Walipofika katikati ya ghuba upepo ukageuka, ukawa wa mbele, na vijiwimbi vikaanza kupiga omo. Mzee Chubwa akaongeza mapigo. Mwasiti akavuta. Akavuta kama mtu anayevuta maisha yake kutoka kisimani, na safari hii pia hakuinua. Kisha mikono ikakataa. Haikuuma, ila ilikataa tu, kama punda aliyepiga magoti njiani. Mpini ukamteleza. Alijaribu kuushika tena, macho yakajifunga yenyewe, akateleza kutoka kwenye ubao, akashuka taratibu mpaka sakafuni, kichwa chake kikaegemea magoti ya mumewe, yale magoti yasiyosikia kitu.

Songoro hakuusikia uzito, lakini aliuona. Akanyoosha mkono akalivuta kasia la mkewe, akalilaza ndani ili lisipotee.

"Kasia la Mama Riziki liko wapi?" akauliza Mzee Chubwa. "Silisikii."

"Limeinuka, mzee," akajibu Songoro.

"Anaumwa?"

"Amelala."

Mzee Chubwa akaliweka debe kando, akaanza kuhesabu mapigo kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto. Wakavuta hivyo dhidi ya upepo. Songoro alivuta kwa mikono iliyokwisha kuota malengelenge, mpini ukipita juu ya kichwa cha mkewe, ukirudi. Wakati fulani Havijawa alimwita mmoja wa wavutaji wa mbele asahihishe pigo lake, na kutoka sakafuni ikasikika sauti ya usingizini, dhaifu, yenye utii.

"Abee."

Hakuna aliyecheka. Kuanzia hapo Havijawa hakuita mtu tena, akaonyesha kwa mkono tu. Songoro akainamisha uso, akaendelea kuvuta.

Mwasiti alipofumbua macho hakujua yuko wapi. Kulikuwa na kivuli usoni pake, nacho kilikuwa cha mkono wa Songoro aliyekuwa amemkingia jua. Mtumbwi ulikuwa umetulia kwenye maji mafupi kando ya matete. Wenzao wote walikuwa wameshuka, sauti zao na vigelegele vya wenyeji vikisikika kule mwaloni, wanaposhushia samaki. Songoro peke yake ndiye aliyebaki, bado amefungwa mikanda kitini.

"Tumefika?"

"Tumefika zamani."

"Mbona hawakukushusha?"

"Niliwakatalia. Wangekuamsha."

Mwasiti akaketi. Akautazama ufuko, akaona lori likiwa limeshushwa turubai, jeupe kwa vumbi la chumvi. Macho yake yakakimbilia kapu, yakarudi haraka.

"Halijaondoka," Songoro akasema.

"Nini?"

"Lori. Nimemtuma Havijawa amwombe dereva asubiri kidogo."

Mwasiti alihisi kama ameshikwa mkono gizani. "Ulijua," akasema.

"Kitanda changu kinatazama jikoni, Mama Riziki. Nilikuona ukiweka kanga chini ya mihogo, na malori ya hapa hurudi Uvinza kwa dada yako."

"Na ukaja. Ukavuta njia nzima."

"Mtu akiondoka kwako husindikizwa," Songoro akasema. "Miguu ya kukusindikiza sina. Nimekusindikiza kwa kasia."

Kama angemkaripia, Mwasiti alikuwa na majibu ya miaka sita. Lakini Songoro hakumkaripia. Mwasiti akalia, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti, na Songoro akamwacha alie.

"Nani atakugeuza?" akauliza hatimaye.

"Sijui. Labda watanigeuza vibaya. Labda wengine watasahau." Akaitazama mikono yake. "Nyumbani wewe huwa nyuma yangu ukininyanyua, sikuoni. Humu mtumbwini ndiyo nimekaa nyuma yako nikauona mgongo wako. Umekwisha, mke wangu. Mimi ndiye niliyeumaliza, nikiita. Nenda kalale kwa dada yako. Ukiona kurudi kumekushinda, sitatuma mtu kukulaumu. Ukiona unaweza, ubao wako upo."

Mwasiti akaufungua mkono wa mumewe, akaona ngozi ilivyochubuka mpaka nyama nyekundu. Akatoa kanga moja kapuni, akachana upande, akamfunga viganja vyote viwili kwa uangalifu, kama anavyofunga mtu asiye na haraka. Kisha akashuka majini na kapu lake, akaenda kwenye lori. Hakugeuka nyuma, maana alijua akigeuka atarudi, na akirudi siku ile atakufa.

Mtumbwi uliporejea Ujiji jioni, watu waliokuwa mwaloni wakahesabu vichwa. Kulikuwa na jamaa mmoja, Mbaruku, ambaye hakuwahi kuona jeraha la mtu bila kulitia chumvi. Akapaza sauti, "Songoro! Mke umemwacha wapi? Amekukimbia?"

Watu wakasogea, wakisubiri kumwona akiaibika. Songoro alikuwa ananyanyuliwa kutoka kitini na watu wawili, viganja vyake vimefungwa kipande cha kanga. Akamtazama Mbaruku, akasema taratibu:

"Kasia likiwa juu, mtumbwi bado waenda."

Mbaruku akageuza shingo, akaenda zake. Hapo ndipo maneno ya Mzee Chubwa yalipotoka majini yakawa methali.

Lakini msidhani mambo yalikwenda kwa ulaini. Wanachama wa Tuvute Wote walipeana zamu. Havijawa alileta chakula, na ugali wake ulikuwa na madonge. Mzee Chubwa alikuja kukaa na Songoro mchana, akampa hadithi, ila alimwaga maji nusu kila alipomnywesha. Vijana wawili wakawa wanamgeuza usiku. Usiku mmoja hawakufika, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda, na Songoro akalala ubavu mmoja mpaka alfajiri. Kidonda kikaanza pajani. Aliita mara moja tu usiku ule, kwa mazoea: "Mama Riziki!" Kisha akaziba mdomo wake kwa mkono uliofungwa kanga.

Kule Uvinza, Mwamini alimtandikia mdogo wake mkeka, hakumuuliza kitu. Mwasiti akalala. Alilala mpaka dada yake akawa anakuja kumwekea kiganja puani kuhakikisha anapumua. Akiamka anakula kidogo, analala tena. Mwanzoni kila sauti ilimwinua: abee. Hakuna aliyekuwa amemwita. Siku zikaenda, na ile abee ikaanza kuchelewa, ikawa ya kunong'ona, mwisho ikaisha. Hapo ndipo alipoanza kusikia vitu vingine. Alisikia mvua kwenye bati na akaipenda. Alisikia njaa yake mwenyewe.

Asubuhi moja, maharage yakiwa yamevunwa, walikuwa wakiyapukuchua uani. Mwasiti akainua kichwa, akasema, "Sijui kama wanakumbuka kulegeza mikanda yake akimaliza kuvuta. Humbana kifuani."

"Unaogopa?" dada yake akauliza.

Mwasiti akajichunguza. "Hapana," akasema. "Nimemkumbuka."

Akarudi bila kutuma taarifa. Alikuta nyumba imefagiwa ovyo na sufuria zimepangwa mahali pasipo pake. Songoro alikuwa amekonda, ndevu zimenyolewa upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Walipokwisha salimiana Mwasiti akafanya alichokijua: akamgeuza ubavu. Akakiona kidonda.

"Walikuacha!" akasema, na hasira ikampanda. "Nilijua. Nilijua nikiachia tu!"

"Usiku mmoja," Songoro akasema.

"Usiku mmoja umefanya hivi!"

"Kidonda changu kinaziba, Mama Riziki. Kitazame vizuri, kinaziba. Chako ungekiziba wapi?"

Mwasiti akakitazama. Ni kweli, pembeni ngozi mpya ilikuwa imeanza kuota. Mtu alikuwa akikisafisha, si vizuri kama yeye, lakini alikuwa akikisafisha. Akakaa kitandani kando ya mumewe. Songoro hakuagiza kitu.

Jioni vijana wa zamu wakapiga hodi kama kawaida yao. Mwasiti akainuka kuwaambia warudi, mwenyewe amekwisha fika. Alipofika mlangoni maneno yakabadilika kinywani mwake. Akasema, "Karibuni. Yuko ndani." Akatoka nje, akakaa barazani, mikono juu ya mapaja, mitupu.

Uchovu wake haukuisha, wajukuu zangu. Kazi ya namna ile haina mwisho, na wenye kusema kuwa ina mwisho hawajaifanya. Alirudi kwenye ubao wake mtumbwini, akavuta na kuinua pamoja na wenzake. Na kila mwaka maharage yalipokaribia kuvunwa Uvinza, Mwasiti alifunga kapu lake mchana kweupe, akaweka kanga juu na mihogo chini, na Songoro akamsindikiza kwa kasia mpaka Kabumbe. Mtu akiuliza mwaloni, "Mwasiti kaenda tena?" hakujibu mumewe peke yake. Walijibu wote waliokuwa wakifunga mtumbwi, vipofu na viwete na wazima, kwa sauti za watu waliochoka:

"Kasia likiwa juu, mtumbwi bado waenda."